Tusimdharau anayepima maji ya Msimbazi

 

Ndugu wasomaji, Ijumaa tatu zilizopita, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao mlangoni mwa msikiti, mzee mmoja wa hapa Mabibo alitushika mkono akatuvuta pembeni. Ana mashaka juu ya binti yake. Amemsomesha tangu madrasa ya mtaani hadi Chuo Kikuu, akapata shahada ya kwanza, akapata ya uzamili, na sasa anasomea uzamivu. Wenzake wa darasa moja wamekuwa wahasibu na walimu wakuu, na wengine wameshaolewa na wana watoto wawili watatu. Yeye, kwa maneno ya baba yake, kila kukicha yumo mabondeni na ndoo, anachota maji ambayo hata mbuzi hayanywi, anayatia katika chupa ndogo ndogo na kuyaandika namba.

“Sheikh,” alisema mzee yule, “posa imekuja. Watu wa heshima, wa Temeke. Shangazi wa mwanamume ameuliza huyu mwari anafanya kazi gani. Nimemtazama mama yake, mama yake amenitazama mimi, tumekosa la kusema. Tuseme anapima uchafu?”

Tulimwomba radhi, kwani na sisi siku ile hatukuwa na jibu. Tumesoma madrasa na tumesoma chuo kikuu, lakini huko chuoni tulisoma historia na lugha, si maji. Tukamwambia amlete binti yake. Akaja Jumapili baada ya alasiri pamoja na kaka yake, akaamkia, akakaa, akafungua daftari. Alipoondoka ilikuwa karibu na magharibi, na sisi tulikuwa tumejifunza jambo ambalo tunaona si haki kulificha kwa wasomaji wa ukurasa huu, hususan wenye watoto wanaosoma mambo ambayo majina yake hayatamkiki sebuleni.

Anachokipima kinaitwa kaboni ya viumbehai. Tusilitishike jina. Kila kilichopata kuwa hai kina kaboni mwilini mwake: jani la mwembe, ganda la ndizi, mkaa, unga wa sembe, damu ya mnyama, kinyesi cha binadamu. Kikifa au kikitupwa, mvua hukikokota hadi kwenye mfereji, mfereji hadi kwenye kijito, kijito hadi mtoni, na mto hadi baharini. Sehemu huenda kama chembechembe zinazoonekana au kudhaniwa kuwa ni tope. Sehemu huyeyuka kama majani ya chai yanavyoacha rangi katika maji ya moto, maji yakabaki yanapitisha nuru lakini yamebeba mzigo. Wataalamu huzitenga sehemu hizi mbili kwa chujio la nyuzi za kioo lenye matundu madogo mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kilichopita huhesabiwa kuwa kimeyeyuka, kilichobaki huhesabiwa kuwa ni chembe. Na chujio lenyewe, kabla ya kutumika, huchomwa katika tanuri kwa joto la takriban nyuzi 450 ili lisije likawa na kaboni yake lenyewe ikaharibu hesabu. Tulipolisikia hilo tuliukumbuka uangalifu wa mafundi wa udhu tuliowajua utotoni, ambao wakianza kuosha chombo cha kuchotea kabla ya kuosha viungo.

Sasa, kwa nini mtu apime? Kwa sababu kaboni hiyo ni chakula cha vijidudu vya majini, na vijidudu vinapokula huvuta oksijeni. Maji matamu yenye joto la pwani yetu, hata yakiwa safi kabisa, hayawezi kushika oksijeni zaidi ya takriban miligramu nane kwa lita. Kiwango cha Tanzania kwa majitaka yanayoruhusiwa kumwagwa katika mto ni kwamba vijidudu vikiachiwa siku tano visihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita. Mwenye akili na apige hesabu. Hata majitaka yaliyofuata sheria yanadai karibu mara nne ya oksijeni ambayo lita moja ya maji inayo, na ndiyo maana yanahitaji kuchanganyika na maji mengi yaliyo safi ili mto usikabwe. Je, yale yasiyofuata sheria yoyote, yanayofunguliwa usiku wakati wa mvua? Tutarudi hapo, kwani hapo panatuhusu sisi wenyewe.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na unakwenda takriban kilomita 35 hadi kwenye daraja la Selander, ambako unaingia Bahari ya Hindi kupitia vichaka vya mikoko. Vijito vya upande wetu, katika mabonde ya Mabibo yanayoteremkia Kigogo, vinaishia humo humo. Wakazi wa zamani wanakumbuka Mabibo ikiwa Kinondoni, kabla haijawa sehemu ya Wilaya ya Ubungo, na wanakumbuka watoto wakivua kambale katika vijito hivyo. Leo kinachopita humo kila mmoja wetu anakijua kwa pua yake. Yaliyotokea Desemba 2011, maji yalipofunika Jangwani na mabonde mengine, watu wapatao 40 wakafariki na mamia ya familia yakahamishiwa Mabwepande, yalitufundisha kwamba mto huu unasahau mipaka tuliyouwekea. Tangu mwaka 2022 kuna mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Saruji na madaraja yatajengwa, inshaAllah. Lakini mto unaotengenezwa bila kujulikana umebeba nini ni sawa na mgonjwa anayepasuliwa bila kupimwa damu.

Ndugu msomaji, hapa tunaomba ruhusa ya kuingia kidogo katika fiqhi, kwa kuwa ndiko tulikoanzia sisi, na ndiko binti huyu alikotushangaza.

Kila mtoto aliyepita madrasa za pwani yetu, tulio wafuasi wa Imam Shafii, amefundishwa mlango wa maji kabla ya mlango wowote. Maji yakiwa chini ya kulla mbili, najisi ikiyaingia yamenajisika, hata yasipobadilika. Yakifika kulla mbili au zaidi, hayanajisiki ila yabadilike rangi, ladha au harufu. Tuliyahifadhi hayo tukiwa na miaka minane, tukayatoa kwa wimbo, tukapigiwa kofi. Wachache wetu tuliuliza swali linalofuata, nalo limo katika vitabu vile vile: yamebadilishwa na nini? Kwani mafakihi hawakutosheka na kuona kwamba maji yamebadilika. Walitofautisha. Maji yaliyobadilika kwa majani yaliyoanguka yenyewe, kwa ukoga, kwa udongo wa mahali yanapopita, au kwa kukaa muda mrefu, hayo yanabaki na utwahara wake, mtu anatawadhia. Yaliyobadilika kwa najisi yana hukumu nyingine. Rangi inaweza kuwa moja na hukumu zikawa mbili, kwa sababu asili ya kilichobadilisha si moja.

Binti yule alipokuwa anatueleza sehemu ya pili ya kazi yake, tulijikuta tunatabasamu. Kwani swali lake ndilo hilo. Kujua tu kwamba katika lita ya maji ya Msimbazi mna miligramu kadhaa za kaboni hakutoshi. Anataka kujua imetoka wapi. Je, ni majani ya msituni Pugu, ni mabaki ya mashamba, ni mikoko ya Selander yenyewe, au ni vyoo vyetu? Na Mwenyezi Mungu ameweka alama katika viumbe vyake kwa anayetafuta. Kaboni ya duniani ni ya uzito zaidi ya mmoja: nyingi ni nyepesi, na takriban sehemu moja katika mia ni nzito kidogo. Mimea kama mahindi, miwa, mtama na nyasi nyingi za nyika hujenga miili yake kwa njia moja; miti, mpunga, mihogo, migomba na mikoko kwa njia nyingine, na kundi hili la pili hupokea kaboni nzito kwa uchache zaidi. Basi tope la mto likipimwa kwa mashine maalumu husema lenyewe kama limetoka kwenye nyasi na mahindi au kwenye miti.

Tukamuuliza, kwa ujanja kidogo, kuhusu soko letu la ndizi, lile watu waliitalo Mahakama ya Ndizi, ambalo mikungu, majani na maganda yake wakati wa mvua huelekea bondeni. Je, mashine itayatambua maganda yetu mbele ya mikoko? Akacheka akasema, “Hapana, sheikh. Mgomba na mkoko kwa mizani hiyo ni ndugu. Lazima nitafute shahidi wa pili.” Shahidi huyo wa pili anaweza kuwa naitrojeni, ambayo nayo ina nyepesi na nzito, na ile ya majitaka ya watu aghalabu huelekea kwenye uzito, au uwiano wa kaboni na naitrojeni, au rangi ya kijani ya mwani. Mtu mmoja hahukumiwi kwa shahidi mmoja. Waalimu wetu wa fiqhi wangempenda mwanafunzi huyu.

Tusidhani kwamba haya ni mambo mageni yaliyoletwa Mabibo na binti mmoja. Jirani zetu Wakenya wametutangulia. Fredrick Tamooh, Mkenya, alifanya utafiti wake wa uzamivu katika Mto Tana akisimamiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji. Walichota maji katika misimu mitatu, mwaka 2008, 2009 na 2010, tangu vijito vya milimani hadi tambarare za chini, na mwaka 2012 wakachapisha walichokiona. Kule juu walikuta lita ya maji yenye tope lisilofika hata miligramu moja; kule chini walikuta lita yenye zaidi ya gramu saba. Na jambo la kuzingatia ni hili: sehemu kubwa ya mzigo unaokwenda pwani haikutoka milimani. Ilitoka nyanda za kati na za chini, kwa sababu mlolongo wa mabwawa ya umeme, Masinga na mengineyo, unanasa tope la juu kama chujio. Kadiri walivyoteremka ndivyo alama ya nyasi ilivyozidi katika tope. Mto ulikuwa unasimulia nchi uliyopita.

Hali kadhalika hapa kwetu. Erik Kristensen wa Denmark na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wa misitu miwili ya mikoko: mmoja wa Mtoni, hapa Dar es Salaam, unaopokea uchafu wa jiji, na mwingine wa Ras Dege, kusini-mashariki mwa jiji, ambao ulikuwa haujaguswa sana. Walipima hewa ya ukaa na methani zinazotoka kwenye matope na kwenye maji ya hori. Waliona, pamoja na mengine, kwamba mashimo ya kaa na mizizi ile inayochomoza kama vidole huongeza hewa itokayo ardhini. Wengi wetu tumepita Mtoni kwa daladala miaka yote hii. Nani alijua kwamba matope yale yana kitabu chake katika maktaba za Ulaya, nasi tunaoyanusa hatujasoma hata ukurasa?

Kwa muda mrefu hata wataalamu wenyewe waliuona mto kuwa ni bomba tu, la kupitisha kilichotoka nchi kavu hadi baharini. Mwaka 2007 Jonathan Cole wa Marekani pamoja na wenzake walifanya hesabu ya dunia nzima. Wakakadiria kwamba mito na maziwa hupokea kutoka nchi kavu karibu tani bilioni 1.9 za kaboni kila mwaka, na kinachofika baharini ni kama nusu yake. Iliyobaki huzama katika matope ya mabwawa na maziwa, au, sehemu kubwa zaidi, hupaa angani kama hewa ya ukaa. Yaani mto unameng'enya, kama tumbo. Utafiti wa 2013 uliongeza makadirio ya kile kinachopaa hadi tani bilioni mbili na zaidi. Wanaozungumzia mabadiliko ya tabianchi wanahitaji hesabu hii iwe sahihi, na haiwezi kuwa sahihi ikiwa mito ya joto ya Afrika inakisiwa kutokea mezani.

Na hapa ndipo tunapoona umuhimu wa mto mdogo kama Msimbazi, kwa mtazamo wetu. Tana una urefu wa takriban kilomita 1,000. Una muda wa kumeng'enya. Msimbazi una kilomita 35, na mvua ya masika ikishuka kwa saa mbili, kilichotupwa Mabibo alfajiri kinaweza kuwa kinaelea Selander adhuhuri. Wanaokula pweza na chaza wa pwani ya jiji wanafahamu tunasema nini.

Turudi sasa tulikoahidi.

Katika daftari la binti yule mlikuwa na orodha ya vituo vyake vya kuchotea maji. Kimojawapo tulikitambua. Kipo hatua chache chini ya mfereji unaotoka nyuma ya msikiti wetu. Tulinyamaza, naye akanyamaza kwa adabu. Kisha tukamuuliza kwa nini amechagua hapo. Akainamisha kichwa akasema kwamba masika iliyopita alikuwa bondeni usiku na kaka yake, wakisubiri mvua iongezeke ili wachote maji ya mafuriko, na wakaona choo kinatapishwa.

Kutapisha choo, kwa wasomaji wa nje ya Dar es Salaam, ni kutoboa ukuta wa shimo la choo wakati wa mvua kubwa ili kilichomo kichukuliwe na maji, na mwenye choo aepuke gharama ya gari la majitaka. Sehemu kubwa ya jiji hili haina bomba la majitaka. Watu wana mashimo, na mashimo hujaa. Kila mtaa unajua nani hutapisha na usiku gani. Kwa msikiti wetu, uamuzi ule ulifanywa na kamati ambayo na sisi tumo. Hatukushika nyundo, lakini tuliulizwa, tukasema fanyeni mnavyoona. Kesho yake asubuhi tulikaa barazani tukawafundisha watoto kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na kwamba amewaonya wanaojisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na katika kivuli ambacho watu hupumzika. Tuliyafundisha vizuri sana. Tuliandika ubaoni.

Tunayaandika haya kwa kuwa ni rahisi kulaumu viwanda, manispaa na serikali, na lawama nyingine ni za haki. Lakini chupa namba sita ya binti wa Mabibo haikujazwa na kiwanda. Imejazwa na sisi, tena watu wa udhu mara tano kwa siku. Vivyo hivyo siku ya Idd el-Adh'ha. Tunachinja, tunagawa nyama, tunapiga takbira, kisha damu na mavi ya matumbo ya wanyama tunayasukumia kwenye mfereji kwa maji ya mpira. Damu ni katika vitu vinavyovuta oksijeni ya maji kwa nguvu sana. Kuchimba shimo nyuma ya nyumba na kufukia hakuzidi nusu saa kwa vijana wawili. Kamati yetu imekwisha kukata shauri juu ya yote mawili: shimo la Idd limepangiwa mahali, na gari la majitaka tumelipangia mchango wa kila mwezi badala ya kusubiri masika. Tumechelewa, hilo tunalikiri.

Wapo watakaosema kwamba sheikh ameacha mambo ya dini anazungumzia matope. Sisi tunajibu kwamba mlango wa kwanza wa vitabu vyetu vya fiqhi ni maji, na tukiulizwa na mtoto kwa nini mlango huo umetangulia, tumjibu nini? Hata hivyo tusichanganye mambo mawili. Mizani ya mafakihi ni ya ibada: haya yanafaa kutawadhia, haya hayafai. Mizani ya maabara ni ya afya ya viumbe. Maji mengi yenye kaboni iliyoyeyuka yanaweza yasiwe na rangi, ladha wala harufu iliyobadilika, yakawa twahara kwa hukumu, na bado samaki wakafa ndani yake kwa kukosa pumzi. Anayedhani mizani moja inaifuta nyingine hajaielewa yoyote. Na tunakiri kuchoshwa na kurasa zetu, huu ukiwemo, ambazo kila mwaka hujivunia mabingwa Waislamu wa Baghdad na Andalusia walioishi miaka elfu moja iliyopita, ilhali bingwa wa Mabibo, aliye hai, tunamwonea haya mbele ya shangazi wa mchumba.

Wazazi wanaouliza “faida yake ni nini” hatuwalaumu. Uzamivu ni miaka mitatu, minne, mara nyingi zaidi, na posho ni ndogo. Neno lenyewe limetokana na kuzama, na jamaa za mzamiaji wanaobaki juu ya maji ndio wanaopata wasiwasi. Lakini tuangalie upande wa pili. Katika Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, watafiti walianza kupima kaboni itokayo kwenye mikoko tangu miaka ya 1990. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti ulioonesha kwamba mabaki mengi ya mikoko hunaswa na majani ya baharini yaliyo karibu, na machache tu hufika kwenye matumbawe. Wakati huo nani kijijini aliona faida? Miaka ishirini baadaye, kwa kuwa mikoko ile ilikuwa imesomwa na kupimwa na wengi, wanakijiji wa Gazi waliweza kuanzisha mradi wa Mikoko Pamoja, wakawa wanauza hifadhi ya kaboni ya msitu wao na kutumia fedha kwa maji ya bomba na shule. Bila vipimo vya kuaminika hakuna mnunuzi. Sisi Tanzania tuna delta ya Rufiji, yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki, takriban hekta 50,000. Nani ataipima, na vipimo vitakuwa mali ya nani?

Swali hili la mwisho si dogo. Sampuli za Tana zilisafirishwa hadi Ubelgiji kupimwa, na hatusemi hivyo kwa kinyongo. Waliokuja walikuja na elimu, wakafundisha vijana wetu, na Mkenya akarudi kwao kufundisha wengine. Zanzibar kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, ina makao yake huko huko. Msingi upo. Kinachokosekana mara nyingi ni vitu vidogo: nauli ya boti, barafu ya kuhifadhia chupa, machujio, gharama ya kupima. Waislamu wa pwani hii waliweka wakfu visima, mashamba ya minazi na nyumba. Sioni, na kamati yetu haioni, kwa nini wakfu wa leo usiwe machujio mia mbili kwa mwanafunzi wa maji.

Kuhusu kutoka kwake kwenda bondeni na kwenye mikoko saa za usiku, jambo lililomtia baba yake wasiwasi zaidi kuliko yote, tulimsikiliza pia. Kupima maji ya bahari kunafuata mwezi, si ratiba ya ofisi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kujaa huangukia karibu na saa kumi za alfajiri na saa kumi za alasiri. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na saa hubadilika. Mtafiti anayetaka kujua mikoko inatoa nini na inapokea nini lazima achote maji kila saa kwa mchana na usiku mzima, kujaa na kupwa. Wanakwenda kundi la watu wanne, kaka yake akiwemo, na fundi boti ni mtu mzima wa Kinondoni anayefahamika na familia. Tulimwambia mzee kwamba kama ana shaka, aende naye siku moja akaone mwenyewe.

Alikwenda. Alirudi na matope hadi magotini, na Ijumaa iliyofuata tulimsikia mlangoni mwa msikiti akimweleza jirani yake tofauti ya kilichoyeyuka na kilichobaki kwenye chujio, kwa makosa mawili matatu ambayo hatukuyasahihisha.

Limebaki la posa. Wachumba walikuwa wameahidi kuja Jumapili hii, na mzee alikuwa amekwisha kuagiza mchele. Kumbe Jumapili hii ni mwezi kumi na tano, bamvua, siku ambayo binti atakuwa Selander tangu usiku. Mzee alikuja kwetu tumsaidie kuandika ujumbe wa heshima kwenda Temeke. Tumewaomba wageni wavute subira waje wiki inayofuata, maji yakiwa mafu, na sababu tumeieleza kama ilivyo. Shangazi amejibu kwamba watakuja, na kwamba angependa kuziona hizo chupa.